Pech

Nikipekua kamusi ya Kijerumani nilikuta neno Pech lina maana mbili: lami na bahati mbaya. Huko Erzgebirge, wilaya ya milima ya Sachsen inayopanda hadi mita 1,215, wachimba fedha (madini, si pesa) waliliita Pechblende jiwe moja jeusi, zito. Mwaka 1789 Klaproth alilichunguza lile la Johanngeorgenstadt, akagundua urani. Mjini Schneeberg wachimbaji walikuwa wakifa kwa mapafu tangu zamani, ilikuwa saratani. Hata hivyo Wasovieti walianza kuchimba urani humo mwaka 1946, kazi ikaendelea zaidi ya miaka 40.

Jiwe hilohilo lilitoka kwetu Shinkolobwe, likaenda kuunda bomu la Marekani. Babu yangu alilibeba. Nilipomwuliza waliliitaje, alijibu: jiwe tu.