Simba Aliye Mwanakondoo



Wapendwa waamini, katika Ufunuo 5:5-6 Yohane anaambiwa habari za Simba wa kabila la Yuda. Anapotazama, anamwona Mwanakondoo aliye kama amechinjwa. Je, Maandiko yanajipinga? La hasha. Simba huyo ameshinda kwa kukubali kuchinjwa.

Sisi wa Babati tunaishi na wafugaji, fimbo tunaijua. Mchungaji humfukuzia fisi, na kwa fimbo hiyohiyo humrudisha taratibu ndama aliyepotea. Ndiyo maana katika Zaburi ya 23 fimbo ni faraja. Yesu naye aliwafukuza wafanyabiashara Hekaluni (Yn 2:15), lakini mwanamke aliyefumaniwa katika uzinzi hakumhukumu (Yn 8:11).

Tunakiri kosa letu. Jumapili moja tulimkaripia hadharani mama mmoja ambaye hakuwa ametoa zaka. Miezi ikapita bila yeye kuonekana kanisani. Tulikuwa tumempiga ndama kwa pigo la fisi. Tulipokwenda kwake kuomba radhi, alitukaribisha chai. Upole wake ulitushinda.

Juma hili wazazi, viongozi wa jumuiya, nasi mapadre, tujiulize: fimbo yetu inamwangukia nani?

Mungu awabariki.