Mbavu za Keroka

Mbwa wa mama alikufa siku ya tatu baada ya Krismasi, na kabla hata hajazikwa kijiji kilishajua aliyemuua ni mzee wa ng'ambo ya mto. Ugomvi wa mpaka wa majani chai ulikuwepo tangu zamani, kwa hiyo hakuna aliyeuliza ushahidi. Ati amewekewa sumu. Mama mwenyewe aliyasema hayo kwa sauti, akiwa amesimama barabarani.

Mimi nilinyamaza. Nilikuwa nimeanza kushuku mkono wangu.

Krismasi ile nilishuka Keroka alfajiri nikitoka Nairobi. Keroka ni mji ambao Kisii na Nyamira zinaugawana, na mimi nilinunua mbavu za mbuzi upande mmoja, nikapanda boda kwenda kwetu upande wa pili. Tulichoma, tukala, na mifupa yote iliyobaki nikamrundikia mbwa kwa furaha kabisa. Mama anaishi peke yake. Huyo mbwa ndiye aliyekuwa akimlindia usiku, nami nilijiona ninamlipa mshahara.

Kesho yake alikataa chakula. Akatapika, akawa anasimama amekunja mgongo, tumbo gumu kama ngoma. Nilipompata daktari wa mifugo kwa simu, kulikuwa kumekwisha kucha ile siku ya tatu. Alikuta mzoga. Akaniuliza kama nataka kujua ama nataka tu kuzika. Nikasema kujua.

Alimpasulia nyuma ya migomba, juu ya gunia. Kipande cha ubavu, kirefu kama kidole changu cha shahada, kilikuwa kimetoboa utumbo. Ndani kumejaa usaha.

"Mlichoma?" akauliza. Nikaitikia.

Basi akanifundisha pale pale, huku akinawa. Moto hukausha mfupa, na mfupa mkavu ukivunjwa hautafuniki, unapasuka kama kigae, wenye ncha. Wa kuchemsha ni hivyo hivyo, hata ile mifupa ya supu ambayo bucha hukupa bure ukidhani ni zawadi. Wa kuku ndio mbaya zaidi. Ukitaka kumpa mbwa mfupa, mpe mbichi, na uwe mkubwa kuliko mdomo wake ili asiumeze mzima. Lakini usiwe paja la ng'ombe lililo gumu kama jiwe, maana hilo humvunja jino la nyuma. Bonyeza kwa ukucha wa dole gumba: ukucha usipoacha alama yoyote, kitu hicho ni kigumu mno kwa meno. Kaa hapo umwangalie, na baada ya robo saa umnyang'anye. Halafu nawa mikono kwa sabuni, nyama mbichi ina vijidudu vyake.

Nikamuuliza kuhusu magunzi ya mahindi, kwa sababu mbwa wetu wote hapa huyatafuna. Akatikisa kichwa. Gunzi halisagiki tumboni, hukwama kwenye utumbo kama kizibo. Vipande vya akala vivyo hivyo. Na maini au mapafu yenye malengelenge ya maji, yale tunayoyatupia mbwa siku ya kuchinja, humpa mnyoo ambao mayai yake hurudi kwa watu na kuota uvimbe kwenye ini. Turkana wanaujua ugonjwa huo vizuri kuliko sisi. Anayetaka mbwa atafune tu, alisema, ampe karoti mbichi.

Karoti! Nilicheka, halafu nikakumbuka kile kilichokuwa juu ya gunia.

Nilimfuata mama jikoni. Kwa Ekegusii mama huitwa baba, jambo ambalo rafiki zangu wa Nairobi hawajaacha kulishangaa. "Baba," nikamwambia, "si yule mzee. Ni mbavu zangu." Akaendelea kupepeta wimbi. Mwishowe akasema, "Zika mbwa. Maneno yatapoa yenyewe."

Hayakuwa maneno ya kupoa yenyewe, na yeye alijua. Tulivuka mto jioni, yeye mbele, mimi nyuma nikiwa nimefunga kile kipande cha mfupa kwenye gazeti. Mzee alitukaribisha bila kusimama. Nilimweleza yote, nikafungua gazeti. Alikiangalia kipande kile kwa muda mrefu, akakigeuza kwa kijiti.

"Siku hizi zote nimelala na panga mlangoni," akasema. "Nilijua vijana wako njiani."

Mama alianza kuomba msamaha, akashindwa kumaliza. Mzee aliita chai.

Mpaka wa majani chai bado haujaisha. Mama ana mbwa mwingine, jike mwekundu, na mifupa ya nyama choma inaenda moja kwa moja kwenye shimo la choo. Nikikutana na mzee njiani nimebeba mfuko kutoka Keroka, hanisalimii kwanza. Ananyoosha fimbo yake kwenye mfuko na kuuliza, "Umechoma ama ni mbichi?"