Kazi Yangu ni Kufuta

Baadhi yenu mmekuwa mkiniuliza naandika programu gani siku hizi, nami huwajibu kwamba ninalipwa kufuta. Mnacheka, lakini ndiyo kazi yenyewe, na haijapata kunitokea kazi ngumu kama hii.

Chuo kikuu nilikaa miaka minne nikisomea sayansi ya kompyuta. Tulifundishwa kuhifadhi data, kuipanga, kuitafuta, na kuirejesha seva ikianguka. Sikumbuki mhadhara hata mmoja juu ya namna ya kuhakikisha kwamba kitu kimefutika na hakitarudi. Sasa niko hapa Nairobi, katika kikundi cha watu sita, tunaandika sehemu ya mfumo wa bili wa kampuni moja ya simu huko Ulaya (jina nitaliacha). Swali letu la kila siku ni hili: rekodi ya simu ikae siku ngapi, na ikishafutwa, imefutika kweli?

Tuanze na rekodi yenyewe. Ukipiga simu, mitambo ya kampuni huandika nambari yako, nambari uliyopigia, saa, muda mliozungumza na mnara uliokuhudumia. Maneno yenu hayamo. Basi kuna siri gani hapo? Malte Spitz, mwanasiasa wa chama cha Kijani cha Ujerumani, aliidai Deutsche Telekom data yake mwenyewe akapewa ya miezi sita, kuanzia Agosti 2009 hadi Februari 2010. Ilikuwa mistari 35,830. Mwaka 2011 gazeti la Die Zeit likaipanga kwenye ramani katika tovuti yake, na mtu yeyote akaweza kumfuata Spitz mji kwa mji, saa kwa saa. Hakuna aliyesikiliza simu yake hata moja.

Sasa tuje kwenye sheria, maana hapa ndipo kichwa huanza kuuma. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2002 kuhusu faragha ya mawasiliano linasema mawasiliano yakiisha, rekodi zake zifutwe au ziondolewe kabisa uhusiano na mtu. Zile za bili zinaweza kukaa mpaka muda wa kupinga bili au kudai malipo uishe. Mwaka 2006, baada ya mashambulizi ya Madrid na London, likaja agizo jingine likivuta upande wa pili: rekodi zihifadhiwe kwa muda wa kati ya miezi 6 na 24, ili wapelelezi wakizihitaji wazipate. Tarehe 8 Aprili 2014, katika kesi ya shirika la Digital Rights Ireland, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikalibatilisha agizo hilo la pili.

Kampuni ya Tele2 ya Uswidi haikungoja. Siku iliyofuata iliiarifu mamlaka ya mawasiliano kwamba inaacha kuhifadhi. Mamlaka ikaiamuru iendelee, kwa kuwa sheria ya Uswidi yenyewe ilikuwa bado ipo! Kesi ikafika mahakama ile ile, na Desemba 2016 ikaamuliwa kwamba hata sheria ya nchi haiwezi kulazimisha kuhifadhi rekodi za watu wote bila kuchagua. Mwaka 2020 mahakama ikaruhusu milango michache, kwa mfano tishio kubwa kwa usalama wa taifa. Kanuni mpya ya kuchukua nafasi ya agizo la 2002 ilipendekezwa Januari 2017, ikabishaniwa miaka minane, na mwaka 2025 Tume ya Ulaya ikatangaza kuiondoa. Juu ya hayo yote ipo GDPR, iliyoanza kutumika Mei 2018, yenye faini inayoweza kufika euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya dunia nzima ya kampuni, kiasi kilicho kikubwa zaidi.

Wanasheria wana nafasi ya kujadili. Mimi nina mstari mmoja katika faili ya mipangilio unaosubiri tarakimu: siku ngapi? Programu haielewi jibu la "inategemea".

Tuseme tarakimu imepatikana. Unafuta kutoka hifadhidata kuu, unadhani umemaliza. Jamani! Tulipokaa kuhesabu, rekodi moja ya simu tuliikuta mahali kumi na moja: bili, ripoti za mauzo, kitengo cha kuzuia ulaghai, nakala za akiba za kila usiku, faili za majaribio, na kadhalika. Kila idara ina sababu yake ya kuihitaji, na kila sababu ina muda wake.

Mwenzangu mmoja, kijana hodari sana, akapendekeza njia ya mkato: tusifute, tubadilishe nambari ya simu kwa fumbo la herufi, rekodi zibaki kwa takwimu. Tulibishana mchana kutwa. Kwanza, nambari za simu za nchi moja si nyingi mbele ya kompyuta. Mwenye kujua fumbo linavyotengenezwa atazijaribu zote mpaka apate inayolingana. Pili, mwaka 2013 watafiti akiwemo Yves-Alexandre de Montjoye walichapisha uchunguzi wa data ya simu ya watu milioni 1.5 kwa miezi 15. Waligundua kwamba nukta nne tu za mahali na saa zinatosha kumtofautisha mtu na wengine wote, kwa asilimia 95 ya watu hao. Jina hulihitaji. Anakolala, anakofanya kazi, kanisani Jumapili na kwa mama yake, umempata.

Na haya si ya vitabuni. Septemba 2020 wadukuzi waliiba rekodi za simu za wateja wa Cosmote ya Ugiriki. Mamlaka ya huko ilipochunguza ilikuta kwamba data iliyodaiwa kuwa haina uhusiano na mtu, na kuwekwa miezi 12 kwa takwimu, bado iliweza kuunganishwa na mwenyewe. Januari 2022 Cosmote ikatozwa euro milioni 6, na kampuni mama OTE milioni 3.25.

Wakati mwingine hata mdukuzi hahitajiki. Ujerumani, kampuni ya 1&1 ilitozwa euro milioni 9.55 mwaka 2019 kwa sababu aliyepiga simu huduma kwa wateja alihitaji kutaja jina na tarehe ya kuzaliwa tu ili aambiwe habari za mteja. Mahakama ya Bonn iliipunguza faini hadi euro 900,000 mwaka 2020, lakini kosa lilibaki kuwa kosa. Tarehe ya kuzaliwa ya mumeo wa zamani unaijua, sivyo?

Mtasema, hayo ni ya Ulaya, sisi yanatuhusu nini? Mimi yananihusu moja kwa moja. Nikifungua rekodi ya mteja wa kule kutoka Nairobi, hata kwa kuitazama tu kwenye kioo, kwa sheria yao data imevuka mpaka, na lazima pawe na mikataba maalum. Niliwaambia wenzangu tuiombe kampuni isitupe rekodi halisi kabisa, tufanyie kazi data ya kubuni. Wawili waliogopa, na hofu yao ilikuwa na msingi. Mteja angeweza kusema, basi kazi ipelekwe kwa watu walio karibu, na sisi sita tungebaki bila mkataba. Tulipiga kura, nne kwa mbili. Mteja alichukua wiki tatu kujibu, na katika wiki hizo sikuwa na mengi ya kusema mezani. Hatimaye alikubali. Gharama ipo: hitilafu ambayo ingenichukua saa moja kuiona katika data halisi, hunichukua siku mbili. Lakini kompyuta yangu ikiibwa kwenye matatu leo, hakuna mtu wa Ulaya atakayepoteza siri yake.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inasema data isikae kupita inavyohitajika. Waandishi wa programu wenzangu mnaojenga mifumo ya saccos, hospitali na shule, mna kitufe cha kufuta? Na mkikibonyeza, hubaki nakala ngapi? Hesabuni kwanza, kisha mniandikie. Nitafurahi kusikia aliyepata chini ya kumi na moja.