Mlango Uitwao CD4

Nilizaliwa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambao watu wake huongea Kiswahili tangu alfajiri hadi kulala. Mama yangu anaishi na virusi vya ukimwi, na ninaandika haya kwa ruhusa yake. Tangu utotoni nilimsindikiza kliniki na kumsikia akitoka na namba: leo CD4 ni 210, safari hii ni 380. Namba ikipanda tunafurahi. Ikishuka, chakula hakipiti kooni. Lakini CD4 ni nini hasa? Mama hakujua, nami sikujua.

Mwaka jana mhadhiri wetu alitutaka kila mmoja afasiri ukurasa mmoja wa sayansi kutoka Kifaransa. Mwenzangu wa chumba, anayesomea udaktari, akaniazima daftari lake. Nilikaa nalo siku tatu.

Hapo ndipo nilipojua kwamba CD4 ni protini iliyo juu ya utando wa baadhi ya chembe za kinga. Ni kipokezi. Kazi yake ni njema: huisaidia chembe kutambua habari kwamba adui ameingia mwilini, nayo ikaziamsha nyingine. Kirusi nacho kina protini juu ya gamba lake, gp120, inayoingiana na CD4 kama ufunguo na kufuli. Wanasayansi walilijua kufuli hilo la CD4 mwaka 1984. Kumbe kufuli lilikuwa la pili pia! Mwaka 1996 ilibainika kwamba gp120 ikishaishika CD4 hubadilika umbo, kisha hushika kipokezi kingine, mara nyingi CCR5. Baada ya hapo protini ya tatu, gp41, hujichoma kwenye utando wa chembe na kuuvuta hadi uungane na ule wa kirusi. Adui yumo ndani. Mlinzi amevamiwa kwa kupitia mlango wake mwenyewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Wiki hiyohiyo mama alinipigia simu kwa furaha: CD4 zimefika 720. "Mwanangu, nimepona. Vidonge naviacha."

Nilikwenda nyumbani Jumamosi. Tuliketi mkekani, nikamsomea tafsiri yangu polepole. Alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Kwa hiyo vidonge vyangu ndivyo vinavyofunga huo mlango?"

Sikuwa na jibu. Nilimpigia mwenzangu, naye akanieleza kwamba ipo dawa inayoziba CCR5, lakini vidonge vya mama hufanya kazi ndani ya chembe. Humzuia adui aliyekwisha kuingia asinakili maelekezo yake na kuyapachika katika jeni za chembe. Tatizo ni kwamba zipo chembe chache ambazo zilipachikwa zamani. Hizo hulala kimya kwa miaka, na dawa haizifikii. Ukiacha vidonge, zinaamka.

"Basi 720 ni nini?" mama akauliza.

"Ni walinzi waliorudi, mama. Haina maana kwamba adui ameondoka."

Alinyamaza kitambo. "Kumbe amelala tu."

"Amelala."

Akanyanyuka, akachukua maji, akameza kidonge cha siku hiyo.

Tafsiri yangu ilipata 13 kwa 20. Mhadhiri aliandika kwa wino mwekundu kwamba sentensi zangu ni ndefu na istilahi zinayumba. Alisema kweli, na nimezisahihisha. Nakala ile ya kwanza, pamoja na makosa yake, ameihifadhi mama ndani ya kadi yake ya kliniki.