Maji ya Kuteka na Maji ya Kuchezea: Kutoka Mnyambe Hadi Mto Ruvuma

Siku za mapumziko zinapokaribia, watu wengi hupenda kuzipeleka familia zao mahali penye mlima na mto. Mlima huleta ubaridi, na mto huleta mchezo. Katika nchi mbalimbali umeenea mchezo mmoja ulio rahisi kuueleza. Mtu huchukua mpira wa ndani wa gurudumu la lori, yaani tyubu, akaujaza upepo na kuketi katikati yake, kisha akayaacha maji yamchukue taratibu mpaka mahali wenzake wanapomngoja. Hapigi kasia wala hashiki usukani. Kazi yote huifanya mto.

Lakini utazame mchezo huo ukiwa Mnyambe, wilayani Newala, katika uwanda wa juu wa Makonde. Hapo utaona jambo la ajabu: mlima upo, lakini mto haupo.

NCHI IKO JUU, MAJI YAKO CHINI

Uwanda huu huinuka polepole ukitokea upande wa bahari, na karibu na mji wa Newala hukatika ghafla kama ukingo wa meza. Udongo wake una mchanga mwingi. Mvua inyeshapo, maji hayakai juu yakafanya kijito. Hunywewa na ardhi, yakazama chini sana, na kutokea tena kama chemchemi mabondeni. Kwa hiyo msafiri hupita katika mikorosho na mihogo, kijiji baada ya kijiji, asivuke daraja lolote lenye maji chini yake.

Kwa vizazi vingi akina mama wa huku walishuka miteremko kwenda kuteka maji, kisha wakapanda tena na mitungi kichwani. Ewe usomaye haya ukiwa karibu na bomba, kumbuka kwamba ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na kwamba mzigo huo ulipandishwa mlima ili watu wapike, wanywe na kuoga. Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa kusukuma maji kwa mitambo kutoka mabondeni. Kuanzia miaka ya 1970 nchi ya Ufini ilisaidia kazi za maji vijijini katika mikoa ya Mtwara na Lindi, na visima virefu vya Mitema, katika bonde la Kitangari, vikawa tegemeo la sehemu kubwa ya uwanda. Hata hivyo, wenye nyumba wengi bado huchimba visima vya saruji vya kukingia maji ya mvua yatokayo kwenye mabati, maana bomba halina ahadi ya kudumu.

Mtoto aliyelelewa katika hali hiyo huijua thamani ya ndoo kabla hajajua kuogelea. Hilo ndilo jambo la kufikiriwa na kila mzazi wa huku atakaye kuwapeleka watoto mtoni.

USIA WA MZEE WA KWANZA

Mwaka 1906 alifika Newala mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule, aliyechunguza maisha ya makabila ya kusini. Katika kitabu chake alisimulia hadithi ya asili ya Wamakonde. Yasemekana kwamba hapo kale, kwenye kichaka kinene cha Mahuta, alitokea mtu mmoja peke yake. Akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha, na usiku ikapata uhai ikawa mwanamke. Wawili hao wakashuka Ruvuma kuoga, na huko mwanamke akajifungua mtoto aliyekufa. Wakahamia bonde la mto Mbwemkuru. Mtoto wa pili naye akazaliwa mfu. Ndipo waliporudi juu Mahuta, na mtoto wa tatu akaishi. Basi mzee yule akawausia wanawe wasijenge mabondeni wala kando ya mito mikubwa, kwa kuwa huko hukaa maradhi na mauti. Nyumba zao ziwe mbali na maji kwa mwendo wa saa moja au zaidi.

Wapo watakaoicheka hadithi hii. La hasha, haifai kuchekwa! Mabondeni ndiko kwenye mbu wengi na malaria. Kwenye maji yatembeayo polepole hukaa konokono waenezao kichocho. Tena zama za biashara ya utumwa na mashambulizi ya Wangoni, vichaka vya juu vilikuwa maficho mema. Wazee walilipa amani yao kwa jasho la kuteka maji.

KUSHUKA RUVUMA

Ukifika Newala, nenda kwanza Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika. Chini yako bonde limetandazwa, na ng'ambo ya mto ni nchi ya Msumbiji. Ruvuma huanzia milima ya Matagoro karibu na Songea, ukasafiri kiasi cha kilomita 800 mpaka Bahari ya Hindi. Wakati wa kiangazi hugawanyika katika mikondo, ukiacha mafungu makubwa ya mchanga mweupe. Masika hujaa na kuwa bahari ndogo. David Livingstone alijaribu kuupanda kwa chombo mwaka 1861, akarudia mwaka 1862, na mara zote mbili akashindwa, kwa uhaba wa maji na kisha kwa miamba.

Ukiwa juu utasema: hapa ndipo pa kuelea! Maji ni mapana, na mkondo unaonekana mpole. Lakini waulize wavuvi. Mto huu una mamba, una viboko. Mtu aliyeketi ndani ya tyubu ameitumbukiza nusu ya mwili wake majini, hana kasia, wala hawezi kukimbia. Isitoshe, mto huu ni mpaka. Tangu mwaka 2017 mapigano ya Cabo Delgado yameutia wasiwasi ukanda huu, na mwezi Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilivamiwa. Kwa hiyo mgeni apige hodi kwanza kwa viongozi wa kijiji. Ruvuma ni mto wa kutazamwa na kuheshimiwa; haufai kuelewa juu ya tyubu.

ANAYETAKA KUELEA

Je, furaha hiyo tuikose kabisa? Hapana. Jinja, nchini Uganda, wageni huelea kwa tyubu katika sehemu tulivu za mto Naili. Sagana, nchini Kenya, hushuka mto Tana kwa boti za mpira, katika maji yatokayo mlima Kenya na safu ya Aberdare. Huko wapo waongozaji wanaoujua kila mwamba, na kila mtu huvaa jaketi la kujiokolea. Pasipo mambo hayo mchezo hugeuka msiba. Mjini Vang Vieng, nchini Laos, vijana walielea kwa tyubu huku wakipita kwenye vilabu vya pombe vilivyojengwa kando ya mto. Wengi walikufa, hata mwaka 2012 serikali ikavifunga vilabu hivyo.

Basi, mzazi wa Mnyambe, fanya hivi. Kwanza wafunze watoto kuogelea, wavulana na wasichana pia, mahali penye maji tulivu na mtu mzima anayejua. Pwani ya Mtwara na Mikindani haiko mbali sana. Pili, wapeleke Ruvuma wakauone, wasimame kwenye ukingo ulio salama, na uwasimulie usia wa yule mzee wa Mahuta. Siku watakapopata nafasi ya kuelea Jinja au Sagana, wataingia majini wakiwa na ujuzi na hadhari pamoja.

Na mkisharudi nyumbani, kabla ya kuwasimulia majirani uzuri wa safari, mpokee mama ndoo. Naye anastahili siku yake ya mapumziko.