Saa iliyoruka, na maziwa yaliyohesabiwa mara mbili

Leo nataka kuwasimulia kosa langu mwenyewe, ambalo nusura limfukuzishe mtu kazi.

Mwaka 2019 nilipewa kazi na chama kimoja cha wakulima wa maziwa. Kituoni kulikuwa na mizani, na karibu nayo kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Karani akipima maziwa, kilo na namba ya mkulima hutumwa kwenye seva mjini kupitia modemu ya simu. Maktaba ya kutuma na kupokea niliiandika mwenyewe kwa Python. Nilijivunia sana maktaba ile.

Kabla ya yote, tuelewane kuhusu maneno mawili. Kuna muda wa kungoja, na kuna saa ya mwisho. Watu huyachanganya. Ukimtuma mtoto dukani, kisha posho mill, kisha kwa shangazi yake, na kila mahali umwambie asingoje zaidi ya nusu saa, anaweza kurudi baada ya saa moja na nusu na bado hajavunja amri. Ukimwambia awe nyumbani kabla ya saa kumi na mbili, atajipangia. Programu ni hivyo hivyo. Kutafuta anwani, kufungua soketi, kutuma, kusubiri jibu: kila hatua ukiipa sekunde 20 zake, mtumiaji atakaa sekunde 80 akitazama kioo. Tena seva ikidondosha baiti moja moja kila baada ya sekunde kumi, muda wa kungoja unaanza upya kila mara na hauishi kamwe! Kwa hiyo nilichagua saa ya mwisho. Ombi linapoanza, nachukua saa ya sasa, naongeza sekunde 20, na hatua zote zinagawana hizo.

Mpaka hapo sikukosea. Saa hizo za mwisho nilizipanga kwenye lundo, iliyo karibu zaidi ikiwa juu, ili kitanzi kikuu kilale mpaka ifike, si kuamka kila mara kuzikagua zote. Ukiwa na soketi laki moja utataka gurudumu la muda, lile walilolieleza Varghese na Lauck mwaka 1987, ambalo huzunguka kama uso wa saa na kila tundu lina orodha yake. Mimi nilikuwa na soketi zisizozidi 40. Lundo lilitosha.

Basi, baada ya miezi kadhaa nikapigiwa simu. Mkaguzi wa chama ameona mkulima mwenye ng'ombe mmoja ameleta kilo 34 asubuhi moja. Si yeye peke yake, wako wengi, na wote kilo zao zimeongezeka maradufu. Karani ameshasimamishwa kazi bila mshahara. Inasemekana anaingiza maziwa hewa halafu anagawana pesa na wakulima.

Nikasema programu yangu haina shida. (Ndiyo, nilisema hivyo. Nisameheni.)

Jioni ile nikafungua kumbukumbu za mfumo. Kila siku yenye kilo maradufu ilikuwa siku ambayo stima ilipotea usiku. Hapo nikaanza kutokwa na jasho.

Raspberry Pi ya aina ile haina betri ya saa. Stima ikikatika saa tisa usiku na kurudi saa kumi na moja, kompyuta inaamka ikidhani bado ni saa tisa. Karani anaanza kupima, rekodi zinajipanga foleni kungoja modemu. Modemu ikipata mtandao, mambo mawili yanatokea karibu pamoja: foleni inatumwa, na NTP inarekebisha saa. Saa inaruka mbele zaidi ya saa mbili kwa mkupuo. Saa za mwisho zote 40 zinakuwa zimepita papo hapo. Maktaba yangu inafunga soketi na kutangaza kwamba seva haikujibu. Programu inatuma tena. Seva nayo ilikuwa imeshapokea zile za kwanza, na kwa kuwa kila rekodi ilibeba saa ya kutumwa, za pili zilionekana maziwa mapya.

Kosa lilikuwa kwenye mstari mmoja. Nilitumia time.time(), ambayo ni saa ya ukutani na mtu yeyote anaweza kuisogeza. Ilitakiwa time.monotonic(), iliyokuwemo tangu Python 3.3 ya mwaka 2012, ambayo husonga mbele tu hata saa ya ukutani ikirekebishwa. Nilikuwa na miaka saba ya kuijua! Wakubwa nao wamewahi kuumwa na mdudu wa jamii hii: sekunde ya ziada iliyoingizwa mwisho wa 2016 iliangusha sehemu ya huduma ya DNS ya Cloudflare, kwa sababu programu ya Go ilitoa saa moja kwenye nyingine ikapata namba hasi. Go 1.9 ya mwaka 2017 ikaleta saa isiyorudi nyuma.

Nilirekebisha pia upande wa seva. Kila rekodi sasa ina namba yake inayotolewa mizani inaposomwa, ikija mara ya pili inatupwa. Maana kutopata jibu hakumaanishi kwamba ujumbe haukufika.

Kisha nikaandika barua kwa kamati, kurasa mbili bila maneno ya kompyuta, nikieleza kwamba kosa ni langu. Sitawadanganya, niliifuta mara tatu kabla ya kuituma. Karani alirudishwa kazini na kulipwa siku zake.

Nilipokwenda kuweka toleo jipya nilimkuta kwenye mizani. Hakuninunia, alinipa chai. Lakini kando yake palikuwa na daftari la kurasa 200, anaandika kila kilo kwa kalamu.

"Endelea na kazi yako, fundi," akaniambia. "Hili ni langu."