Jino Kung'oka Mara ya Pili

“Shikamoo mzee. Hivi vipini ni vya nini?” Kijana alikuwa ameshika jino bandia la kaure, la zamani, lenye pini mbili mgongoni. Naye anasomea kutengeneza meno, mwaka wa pili!

Nilijifunza kazi hiyo Kariakoo. Soko la sasa lilikuwa bado linajengwa, basi ni kabla ya 1975. Mwaka wenyewe tuuache. Fundi wangu alianzia kwenye mpira mgumu uliopikwa kwa salfa. Kaure haikushikana na mpira, wala na akriliki iliyoingia miaka ya 1930. Ndiyo maana meno ya mbele yakawekwa pini, na magego yakatobolewa chini ili bamba, yaani ufizi bandia, liingie humo likaze. Mteja akila, unamsikia chumba cha pili: ka, ka, ka.

Yalipokuja meno ya akriliki, watu walisema shida imekwisha, plastiki kwa plastiki. Fundi hakukubali. Karakana yake ilinuka plasta mbichi, nta ya moto na yale maji ya akriliki yanayochoma pua hadi machozi yakutoke. Akifungua flaski, ile kalibu ya shaba, alimwagia meno maji yanayochemka, kisha ya sabuni, kisha mengine safi yanayochemka; yaliyokwisha kutumika hakuyarudia hata siku moja. Utando wa nta iliyoyashika mwanzoni, hata usioonekana kwa macho, unatosha kulinyima jino mshiko. Halafu alikwaruza kitako cha kila jino kuondoa mng'ao, akakipaka maji ya akriliki kwa brashi, akangoja kilainike, ndipo akashindilia donge la akriliki. Dawa ya kuzuia bamba lisigande kwenye plasta ikigusa jino, alikutukana, kisha unaanza upya. Flaski ililala kwenye maji ya nyuzi 74 usiku kucha.

Siku hizi ni haraka tu. Wapo wanaotumia akriliki inayoganda bila kupikwa, ambayo inafaa kukarabatia lakini haishiki jino kama iliyopikwa. Kompyuta nazo zinachonga bamba, meno yanabandikwa baadaye. Uso ukiwa mchafu, hayo pia yanang'oka.

Msomaji, jino bandia likikutoka, litazame kitako. Likibaki na akriliki ya rangi ya ufizi, lilishikana vizuri, limevunjwa na nguvu. Likiwa safi linang'aa, huenda nta haikuondolewa. Mrudishie aliyelitengeneza alirudie, na tafadhali usilibandike kwa supaglu.